Namna ya Kutomlilia Margaret Thatcher

Bendera ya msiba haipandishwi nusu. Hupandishwa kwanza mpaka kileleni, ikasimama hapo kitambo, ndipo ikashushwa. Kanuni za Uingereza zinataka iteremke theluthi moja tu ya mlingoti, ingawa jina linabaki lile lile la nusu mlingoti, na kabla ya kuitoa hurudishwa tena juu kabisa. Jumatatu ya tarehe 8 Aprili 2013 bendera ya Downing Street ilishushwa kwa ajili ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa 1979 hadi 1990, aliyefariki asubuhi hiyo kwa kiharusi katika hoteli ya Ritz mjini London akiwa na umri wa miaka 87.

Siku tisa zilizofuata zilijaa ratiba. Tarehe 10 Bunge liliitwa kutoka likizo ili wabunge watoe sifa, wakazitoa kwa zaidi ya saa saba. Tarehe 17 jeneza liliwekwa juu ya gari la mzinga likavutwa na farasi hadi kanisa kuu la St Paul's, kengele ya Big Ben ikanyamazishwa, wageni wapatao 2,300 wakaketi, na Malkia Elizabeth mwenyewe akahudhuria, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa waziri mkuu yeyote tangu Churchill azikwe mwaka 1965. Kwa jina hayakuwa mazishi ya kitaifa. Wajuzi wa itifaki walitazama nani anavuta gari la mzinga: katika mazishi ya kitaifa huvutwa kwa kamba na mabaharia wa jeshi la majini, desturi iliyoanza 1901 farasi walipoleta vurugu kwenye msiba wa Malkia Victoria. Ya Thatcher yalikuwa ya farasi. Kwa mtazamaji wa televisheni tofauti hiyo haikuonekana, na nadhani haikukusudiwa ionekane.

Msiba wa ukubwa huo huja na wito kwamba kila mtu alie, na palepale hujitokeza watu wa kusema hatulii. Wengi wao walikuwa Waingereza wenye visa vya nyumbani kwao: migodi ya makaa ya mawe iliyofungwa, kodi ya kichwa, Ireland ya Kaskazini. Visa hivyo vina wenyewe. Kipo kimoja ambacho mtu wa Morogoro, Lusaka au Harare ana haki ya kukisemea bila kuazima kilio cha jirani, nacho ni upande alioushika Thatcher katika vita vya Afrika Kusini. Makala haya yanahusu kukataa kuomboleza kwa sababu hiyo, na kukataa kwa usahihi, maana wengi waliokataa walikosea hesabu wakawapa watetezi wake ushindi wa bure.

Kuzika na kushuhudia

Msibani kwetu hufanyika kazi mbili kwa siku moja, hata watu wakazidhani ni moja. Ya kwanza ni kumsitiri marehemu: kuosha, kuvika sanda, kusalia, kuchimba, kufukia. Hiyo ni haki ya kila maiti, hata maiti wa adui. Ya pili ni kumshuhudia: ule wasifu unaosomwa kabla jeneza halijatoka, na yale maneno ya wazee ya kueleza aliishi vipi na watu. Ya kwanza haina masharti. Ya pili ni ushahidi, na shahidi anaruhusiwa kusema hapana.

Waislamu wa pwani wanazijua hadithi mbili zinazogusa jambo hili. Moja inasema msiwatukane wafu, kwani wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. Nyingine ni ya majeneza mawili: lilipita la kwanza watu wakalitaja kwa wema, likapita la pili wakalitaja kwa ubaya, na Mtume akasema kwa yote mawili, imewajibika, kisha akawaambia kwamba wao ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Anayetaka kuwanyamazisha watu huisoma ya kwanza tu. Mimi nazisoma pamoja, na naona mpaka uko wazi: tusi limekatazwa, ushahidi umeruhusiwa na una uzito.

Kwa hiyo anayekataa kumlilia Thatcher hapingi kaburi lake. Anapinga wasifu. Na wasifu uliokuwa ukisambazwa wiki ile, mbele ya kanisa na ndani ya Bunge, ulikuwa na mstari unaotuhusu: kwamba bibi huyu, kwa busara yake ya kimyakimya, alisaidia kumtoa Mandela gerezani na kuuangusha ubaguzi wa rangi. Mstari huo ndio wa kushughulika nao.

Daftari lenyewe

Inafaa kuanza na yaliyo upande wake, kwa kuwa ndiyo wakataaji huyaruka. Agosti 1979, miezi mitatu tu tangu ashike madaraka, alikwenda Lusaka kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola na kukubali mazungumzo ya pande zote kuhusu Rhodesia, yale yaliyofanyika Lancaster House na kuzaa Zimbabwe Aprili 1980. Mwalimu Nyerere alikuwa mmoja wa waliomsukuma mpaka hapo. Kaunda alicheza naye dansi, picha ikazunguka dunia. Anayesema Thatcher hakuwahi hata siku moja kufanya jambo la kuifaa Afrika huru ameanza na uongo, na mwenye hoja nzuri hana haja ya uongo.

Sasa ukurasa wa pili. Tarehe 14 Machi 1982 bomu lililipua ofisi ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, katika mtaa wa Penton Street, London. Lilitegwa na makachero wa serikali ya makaburu. Miaka mingi baadaye walikiri wenyewe mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, wakapewa msamaha. Juni 1984 Thatcher alimkaribisha P. W. Botha katika Chequers, nyumba ya mashambani ya mawaziri wakuu wa Uingereza, mkuu wa kwanza wa serikali ya Pretoria kufanya ziara kama hiyo tangu Afrika Kusini ilipojitoa katika Jumuiya ya Madola mwaka 1961. Botha alimtaka aifunge ofisi ile ile ya ANC. Akakataa, akisema sheria za Uingereza hazimruhusu. Hilo nalo liandikwe.

Oktoba 1985 viongozi wa Madola walikutana Nassau, Bahamas, karibu wote wakitaka vikwazo vya uchumi. Tarehe 18, mkutano ukiendelea, Pretoria ilimnyonga mshairi Benjamin Moloise licha ya maombi yaliyotoka kila pembe ya dunia. Thatcher alikubali machache: kuzuia kuingizwa kwa sarafu za dhahabu za Krugerrand, kusitisha fedha za serikali kwa misafara ya kibiashara, na kuunda jopo la watu mashuhuri wakazungumze na Botha. Kisha akatoka mbele ya kamera, akabana kidole gumba na cha shahada kuwaonyesha waandishi jinsi alivyosogea: kidogo tu. Anayetafuta picha moja ya kueleza kwa nini hamlilii, aitafute hiyo. Haihitaji kutiwa chumvi.

Lile jopo lilikuwa na watu saba chini ya Olusegun Obasanjo wa Nigeria na Malcolm Fraser wa Australia, na mmoja wa wajumbe alikuwa Mtanzania, John Malecela. Walimwona Mandela katika gereza la Pollsmoor. Waliandaa pendekezo: Mandela afunguliwe, ANC ihalalishwe, jeshi litoke mitaani, na mapigano yasitishwe ili watu wazungumze. Alfajiri ya tarehe 19 Mei 1986, jopo likiwa bado Cape Town, majeshi ya Afrika Kusini yalishambulia Gaborone, Harare na Lusaka, miji mikuu mitatu ya nchi za Madola kwa siku moja. Jopo lilifunga virago likaandika ripoti yake: bila shinikizo la uchumi, makaburu hawatasogea. Thatcher alilaani mashambulizi. Shinikizo akalikataa.

Agosti mwaka huo nchi saba zilikutana London. Australia, Bahamas, India, Kanada, Zambia na Zimbabwe zilipitisha orodha ndefu ya vikwazo. Uingereza ilibaki peke yake na katazo la hiari kwa uwekezaji mpya na kwa kuitangaza Afrika Kusini kiutalii. Neno la kulishika hapo ni hiari: kampuni ikipenda ifuate, isipopenda basi.

Bei ya msimamo huo ililipwa pia na watu wa huku. Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Edinburgh kuanzia tarehe 24 Julai 1986, na nchi 32 kati ya 59 zilisusia kwa sababu ya Thatcher na vikwazo, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda. Wanaokumbuka riadha wanakumbuka marathoni ya Brisbane 1982, Juma Ikangaa aliposhindwa na Robert de Castella kwa sekunde 12 tu: 2:09:18 kwa 2:09:30, na Mwingereza Mike Gratton akawa wa tatu. Edinburgh ndiko marudiano ya Madola yangefanyika. De Castella alikwenda akashinda. Ikangaa hakuwapo. Kususia kuna gharama kwa anayesusia, na gharama hiyo ndiyo inayofanya kususia kuwe na maana. Aliyekataa kitu ambacho hakukitaka hajakataa chochote.

Oktoba 1986 hata Marekani ya Reagan, rafiki yake mkubwa, ilimpita. Rais alipiga kura ya turufu dhidi ya sheria ya vikwazo, na Kongresi ikaitengua: 313 kwa 83 katika Baraza la Wawakilishi, 78 kwa 21 katika Seneti. London haikutikisika. Mandela alipotoka tarehe 11 Februari 1990, Thatcher hakungoja hata mwezi: aliondoa katazo la hiari kwa uwekezaji bila kuwasubiri wenzake wa Ulaya. Tarehe 4 Julai Mandela alikwenda Downing Street wakazungumza karibu saa tatu. Bibi alimkemea, kwa upole wa mama mkubwa, kwa kujipangia ratiba nzito kwa umri wake. Kuhusu kubakiza vikwazo, Mandela alitoka kama alivyoingia.

Watetezi wake wana hoja, na si za kubeza. Alimwandikia Botha faraghani akitaka Mandela afunguliwe, nyaraka zipo. Alisema vikwazo vingemuumiza kwanza mfanyakazi mweusi. Aliona pia kwamba Zambia na Zimbabwe, zilizopiga kelele kuliko wote, zenyewe hazikuweza kukata biashara na Pretoria, na hilo lilikuwa kweli: reli na bandari zao zilipitia huko. Isitoshe, tangu 1986 wakufunzi wa jeshi la Uingereza waliwafundisha askari wa Msumbiji huko Nyanga, Zimbabwe, ili wapambane na RENAMO, kundi lililolishwa na Pretoria. Yaani mkono mmoja ulimpa silaha ya mafunzo aliyeumwa, mwingine ukakataa kumfunga kamba mbwa. Mimi siwezi kuupatanisha mkono na mkono, na sidhani yeye aliona kuna haja.

Kinachoivunja hoja ya vikwazo kumuumiza mweusi ni kwamba weusi wenyewe waliviomba: ANC, Askofu Desmond Tutu, vyama vya wafanyakazi vya COSATU. Walisema tutaumia, tunajua, fungeni. Na dalili kwamba fedha inauma zilikwishaonekana 1985, pale benki kubwa za Marekani zilipokataa kuongeza muda wa mikopo na Pretoria ikalazimika Septemba mwaka huo kusimamisha ulipaji wa madeni. Kumwambia mgonjwa anayeomba kisu cha daktari kwamba kitamuuma ni huruma ya ajabu.

Maneno ambayo hakuyasema

Hapa ndipo wengi walipojikwaa Aprili 2013. Mitandaoni yalizagaa mambo matatu, kila moja likiwa na mzizi wa kweli na tawi la uongo.

La kwanza, kwamba alimwita Mandela gaidi. Kumbukumbu ya maneno yake inaonyesha tofauti. Tarehe 17 Oktoba 1987, katika mkutano na waandishi mjini Vancouver, aliulizwa kuhusu kauli ya upande wa ANC kwamba kampuni za Uingereza zinaweza kulengwa, akajibu kwamba hilo linaonyesha ANC ni kundi la kigaidi la kawaida kabisa. Alikitaja chama. Mandela hakumtaja. Mbunge mmoja wa Uingereza aliapa wiki ya msiba kwamba alimsikia kwa masikio yake akimwita Mandela gaidi. Mabishano yakahamia kwenye masikio ya mbunge, Vancouver ikasahaulika. Ni hasara, kwa sababu kukiita chama kizima cha ukombozi kundi la kigaidi, mwaka mmoja na nusu baada ya Gaborone, Harare na Lusaka kushambuliwa, ni kosa kubwa kuliko kumtukana mtu mmoja.

La pili, kwamba alisema kuiona ANC ikiiangusha serikali ya Afrika Kusini ni ndoto za Alinacha. Maneno hayo ni ya msemaji wake, Bernard Ingham. Msemaji husema kwa niaba, sawa, lakini nukuu ina mwenyewe.

La tatu ni mabango ya kutaka Mandela anyongwe. Hayo yalikuwa ya vijana wa shirikisho la wanafunzi wa chama chake cha Conservative, shirikisho ambalo uongozi wa chama, ukichoshwa na vituko vyake, ulilivunja 1986. Anayemshuhudia marehemu aseme hivyo: vijana wa chama chake walibandika. Asiseme alibandika yeye.

Nayasisitiza haya kwa sababu ya kazi. Tanzia za wakubwa huandikwa miaka kabla hawajafa na kuwekwa kabatini. Habari ikitoka, dakika chache tu na kurasa zimejaa. Anayetaka kuusahihisha wasifu ana siku mbili tatu. Baada ya maziko hakuna anayetazama, na ndiyo maana ule ushauri wa heshima wa subiri kwanza azikwe humfaa zaidi yule ambaye sifa zake zimekwisha kuchapwa. Ndani ya siku hizo, nukuu moja ya kughushi inatosha kuwafanya watu watupe na zile tisa za kweli.

Namna walivyokataa

Bara, rambirambi si neno tu, ni fedha, na ina daftari: jina, kiasi, pengine namba ya simu. Pwani ni ubani. Jioni wanafamilia huketi wakapitia majina, na asiyekuwapo huonekana kuliko aliyekuwapo. Mataifa nayo yana daftari lao. Ubalozi hufungua kitabu cha maombolezo, mabalozi wakapanga foleni kusaini. Balozi wa Argentina mjini London alialikwa St Paul's akakataa, mambo ya visiwa vya Falkland yakiwa bado mabichi. Hakutoa hotuba. Kiti kilitosha. Katika kikao cha Bunge cha tarehe 10, viti vingi upande wa Labour, chama cha upinzani, vilikuwa vitupu. Wenyewe walibaki makwao, na magazeti yakahesabu nafasi. Miongoni mwa waliokuja alikuwa Glenda Jackson, mbunge wa Labour, aliyesimama na kuzisema sera za ndani za Thatcher bila kupaka mafuta. Mbunge mmoja wa upande wa serikali alipolalamika, Spika alijibu kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa.

Barabarani tarehe 17, eneo la Ludgate Circus, watu walifanya kitu chepesi kuliko vyote: jeneza lilipofika wakaligeuzia mgongo. Polisi walikwisha kusema mapema kwamba hilo si kosa. Waliozomea walizimwa na makofi ya waombolezaji, maana kelele hujibiwa kwa kelele. Mgongo hauna jibu.

Lakini tamko ambalo ningelitumia kufundishia ni la ANC, lililotoka siku ile ile ya kifo. Lilikuwa fupi. Lilianza na deni: sisi tulikuwa wapokeaji wa sera yake, alikataa kuitambua ANC kuwa mwakilishi wa Waafrika Kusini, na alishindwa kuutenga utawala wa ubaguzi hata baada ya ubaguzi huo kutajwa kuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Kisha likamkubali kuwa alikuwa mmoja wa viongozi wenye nguvu wa Uingereza na Ulaya. Mwisho likatoa pole kwa familia yake. Mpangilio ndio ufundi. Deni likitangulia, sifa inayofuata haiwezi kulifuta, na pole inayofuata inawaendea wafiwa, haiendi kwa sera. Geuza mpangilio huo, uanze na pole, uje sifa, umalizie na deni, na msomaji ataona mtu anayemvizia marehemu kaburini. Aliye huru na vyeo aliweza kusema kwa ukali zaidi: Pallo Jordan, waziri wa zamani na mwanachama wa miaka mingi, alisema waziwazi kwamba ni afadhali ameondoka, na akataja vifo ambavyo kwa maoni yake vingeweza kuepukwa. Chama hakikuweza kusema hivyo. Mtu binafsi anaweza, akibeba jina lake mwenyewe.

Yaliyoharibika ni yale ya shangwe. Jumamosi ya tarehe 13 watu walikusanyika Trafalgar Square, mvua ikinyesha, wakafungua chupa za mvinyo na kubeba sanamu ya Thatcher yenye pua ndefu. Uwanja ule una historia tofauti kabisa. Kuanzia tarehe 19 Aprili 1986 mpaka Mandela alipotoka, usiku na mchana, kwa karibu miaka minne, watu walisimama kwenye lami mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini uliopo uwanjani hapo hapo, kwenye baridi na kukamatwa na polisi. Miaka minne ya kusimama ilikuwa ushahidi mzito juu ya sera za Thatcher kuliko usiku mmoja wa mvinyo, na picha iliyokwenda duniani ni ya mvinyo.

Kisha ukaja wimbo wa zamani wa kushangilia kifo cha mchawi. Watu waliununua kwa makusudi mpaka ukafika nafasi ya pili katika chati za Uingereza, na redio ya taifa ikapiga vipande vya sekunde chache tu. London waliona utani. Msomaji wa Shinyanga au Mwanza hawezi kuuona hivyo. Huko bikizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni ameitwa mchawi akakatwa panga, mara ngapi. Tusi la kumwita mwanamke mzee mchawi halina nafasi katika ushahidi juu ya Afrika Kusini, tena hata halikuihusu. Lilimpa kila mtetezi wa Thatcher nafasi ya kuzungumzia adabu badala ya Krugerrand. Martin McGuinness, kamanda wa zamani wa IRA, jeshi la msituni la Ireland ya Kaskazini, aliyekuwa na kila sababu ya kumchukia, aliliona hilo mapema. Aliwaambia watu wake wajizuie kushangilia: hakuwa mleta amani, alisema, lakini ni kosa kukiacha kifo chake kiwatie sumu akilini.

Wapo watakaoniuliza kuhusu Mbeki. P. W. Botha alipofariki tarehe 31 Oktoba 2006, serikali ya ANC ilishusha bendera nusu mlingoti na kuwa tayari kumzika kitaifa, familia ikakataa. Rais Thabo Mbeki, ambaye mdogo wake na mwanawe walipotea katika miaka ile ya mapambano, alikwenda mpaka mji wa George akaketi kanisani. Kama Mbeki alimzika Botha, mtu wa Dodoma ana sababu gani ya kumnyima Thatcher? Jibu langu ni lile la mwanzo. Mbeki alizika. Kiti cha kanisani hakikumfanya Botha kuwa mkombozi, na hakuna aliyejaribu kuandika hivyo. Ingekuwa St Paul's waliuzika mwili na kuuacha wasifu wa Afrika Kusini ulivyo, nisingekuwa na la kusema. Hata David Cameron, aliyeongoza msiba ule kama waziri mkuu, Agosti 2006 alikuwa amekiri kwamba chama chake kilikosea kuhusu ANC na vikwazo. Thatcher alikuwa hai. Ingham alijibu kwa kujiuliza kama huyu Cameron ni mtu wa Conservative kweli.

Kwa Tanzania kukataa kwa gharama halikuwa jambo geni. Desemba 1965 Mwalimu alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, akijua mkopo wa pauni milioni 7.5 ungekwama, ukakwama. Baadaye askari wa Tanzania walikwenda Msumbiji kupambana na RENAMO. Baadhi walirudi kwenye masanduku, na makaburi ya waliofia upande ule yapo Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara.

Mengine yapo Mazimbu, Morogoro, kwenye mashamba ya katani ya zamani ambayo Tanzania iliwapa ANC wakajenga shule, hospitali, karakana na, kwa kuwa walikaa muda mrefu, makaburi. Mwaka 1992 walikabidhi majengo wakarudi kwao. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Jina limebaki la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, wiki nne kabla Thatcher hajaingia Downing Street. Jumamosi, siku mbili kabla ya bendera ile ya London kushushwa, alikuwa ametimiza miaka 34 kaburini.